Sufuria Mbili

Masoko, Rungwe
11 Februari 2024

Mwanangu Lilian,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kulia, ambalo sasa limestaafu kabisa. La kushoto bado linafanya kibarua, ukisogea karibu na ukapaza sauti. Ndiyo maana nakuandikia. Ulipopiga simu Krismasi niliitikia "ndiyo, ndiyo" muda wote na sikuambulia hata neno moja. Nisamehe, sikutaka ujue.

Mvua ni nyingi. Migomba mitatu ya upande wa mtoni imelala chini na mikungu yake. Ng'ombe wa jirani yetu Nsajigwa amezaa ndama jike, na Nsajigwa amekuwa hasalimiki kwa majivuno. Kaburi la kaka yako Hosea tumelifyeka. Upande mmoja udongo umeshuka kwa ajili ya mvua, nitalijengea baada ya kuuza kahawa. Miezi mitatu sasa, na bado nikiona koti lake msumarini najiambia amesahau koti.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Wewe ni mpishi wa hospitali na umesomea lishe, kwa hiyo nakuuliza wewe badala ya kumsumbua mchungaji. Chakula cha kuchemsha tu, kisicho na mafuta, chumvi wala kitunguu, anapewa mtu wa namna gani?

Nauliza kwa sababu ndicho ninacholetewa tangu tulipomzika Hosea. Unaujua mkono wa mkwe wangu Tupokigwe. Mama yako hakuwahi kumsifu mpishi yeyote duniani, lakini ndizi za kukaanga za mkwe wake alikuwa anakwangua mpaka sufuria inang'aa. Sasa ndizi zinakuja nyeupe, zimekaa kwenye maji yao. Maharage vivyo hivyo. Nilisema ni msiba, utapita. Arobaini ikapita, chakula hakikubadilika.

Kumwuliza siwezi, unajua mwenyewe. Wachungaji walishatuambia tuache mambo ya ukutila, ya wakwe kukwepana, na vijana wameacha, siku hizi mkwe na baba mkwe wanakaa kochi moja wanatazama televisheni. Lakini huyu alipoletwa hapa bibi zake walikuwa wamemfunda kwa ukali, na mimi sikuwa na haraka ya kubadilisha. Akiniona njiani anapita migombani. Nikimwona nageukia upande wa pili. Miaka kumi na mitano sijamtazama usoni wala kusema naye. Mama yako alikuwa katikati yetu, alipofariki akawa Hosea. Sasa katikati hakuna mtu.

Anaweka sahani kwenye meza ya baraza la nyuma, anagonga kifuniko kwa mwiko, anaondoka. Mimi sisikii mwiko. Kwa hiyo ikifika saa saba nakaa nimeupa mlango mgongo, nakisia amefika, nakisia ameondoka, ndipo nageuka. Mara nyingi nakuta chakula kimepoa.

Kwetu sisi wa zamani mgeni aliyechosha nyumba haambiwi aondoke. Chakula chake kinapungua ladha siku hadi siku mpaka aelewe mwenyewe. Nadhani nami naambiwa jambo. Tupokigwe ana miaka arobaini, hawakujaliwa mtoto, hana kinachomfunga hapa ila mzee kiziwi. Nahisi anataka nimruhusu arudi kwao Kyela na hajui njia ya kunifikishia. Akiondoka, mwanangu, sikufichi, sijui nitaishije. Sisemi habari ya kupikiwa. Nasema habari ya kutazama jiko la pili asubuhi nikaona moshi.

Nijibu upesi.

Baba yako,
Jotham


Singida
3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana na nimeisoma mara mbili. Mimi sijambo. Upepo wa huku haujatulia tangu Januari, vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nimehamia chumba kingine karibu na hospitali ili niwahi zamu ya alfajiri. Jirani yangu anaitwa Ikram, muuguzi, ni mtu mwema, lakini zamu zetu zinapishana na tunaonana mara moja kwa wiki. Jikoni tunapika sahani mia mbili na zaidi kwa siku. Zikiisha kutoka, mimi nakula nimesimama karibu na beseni la vyombo, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kumenishinda.

Swali lako nitalijibu kama nilivyofundishwa. Chakula hicho anapewa mtu mwenye presha, au mwenye sukari, au mwenye umri wako, Baba. Si tusi, ni dawa. Ndizi ukiichemsha inabaki ndizi. Ukiitumbukiza kwenye mafuta inayanywa, na wewe unayala bila kuyaona. Mabaya zaidi ni mafuta yaliyochemka jana, yakachemka leo, yakangojea kesho. Yale ya kuuzia chipsi, yaliyokuwa meusi, usiyasogelee. Kuchoma kwenye makaa si vibaya, ila palipoungua pakwanguliwe.

Hata kuchemsha kuna makosa yake. Watu wa kwetu wanachemsha majani ya maboga mpaka yanalegea kama tambara, halafu wanamwaga yale maji ya kijani. Wamemwaga vitamini, wamebaki na tambara. Mboga ichemke kwa maji kidogo, imefunikwa, dakika chache tu, na maji yake yanywewe. Viazi vichemshwe na maganda. Maharage yalowekwe tangu jana yake. Ukiweza kupika kwa mvuke, ni bora kuliko vyote: sufuria ndogo juu ya kubwa, au majani ya mgomba chini, maji kidogo, kifuniko kizito. Chumvi iwe ya mwisho, na iwe kidogo.

Kwa hiyo kula, Baba, na umshukuru Mungu. Mambo ya mgeni aliyechosha nyumba usiyaweke kichwani. Anayekupikia anajua anachofanya.

Nimekuwekea picha yangu ya mwaka huu. Nimekonda kidogo, usishtuke.

Binti yako,
Lilian


Masoko
14 Aprili 2024

Mwanangu Lilian,

Salamu za Pasaka zilizochelewa. Barua yako ilikaa posta Tukuyu hadi Nsajigwa alipokwenda kuuza maparachichi. Picha nimeiweka karibu na ya mama yako. Umekonda sana, na mimi si mtu wa kushtuka.

Nimesoma somo lako la mvuke. Niseme jambo moja kabla sijasahau. Umeandika kurasa nne kuhusu sufuria, na hujatuma hata salamu moja kwa mwenye sufuria. Hata jina lake hukulitaja, umeandika "anayekupikia", kama vile ni mtu wa kuajiriwa. Mwaka mzima uliopita ulikuwa unamwandikia "wifi yangu wa pekee". Labda kalamu ilikuwa inaisha wino.

Sasa ungamo langu. Tangu Februari, kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa napanda bodaboda kwenda mjini Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, kwa Mama Mwantum. Anakaanga samaki, chapati na mihogo kwenye karai moja tangu asubuhi, na mafuta yake ni yale uliyonikataza. Najua. Lakini nikuambie nilichokifuata. Pale jikoni kwake mafuta yanachachatika kwa kelele, kwa hiyo kila mtu anapaza sauti. Fundi cherehani Jaffari anapaza sauti, mzee Nelson anapaza sauti, na mimi nasikia kila neno bila kuomba nirudiwe. Pale mimi si kiziwi. Hapa nyumbani chakula kinachemka kimyakimya, nakila kimyakimya, na saa nane nimemaliza, siku nzima bado iko mbele yangu.

Ijumaa Kuu niliinuka pale kwenye benchi, nikaona mtaa umeegemea upande mmoja. Nelson alinishika. Nilipimwa hospitali ya Makandana, presha ilikuwa imepanda sana. Nimepewa vidonge na nimeambiwa maneno yaleyale yako, isipokuwa kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo nimerudi kwenye ndizi nyeupe. Nazimaliza zote, ili sahani irudi tupu na mkwe asidhani nimekataa.

Lakini jambo lile linazidi. Nsajigwa ameniambia kwamba mkwe ametuma ujumbe kwa kaka yake Abrahamu, Kyela. Kahawa ikiisha kuvunwa atakuja na pikapu. Hajaniaga, na ataniagaje? Wewe ni mwanamke mwenzake. Mpigie simu, mwulize kwa upole nimemkosea nini. Kama ni ile desturi inayomchosha, mwambie mimi niko tayari.

Baba yako,
Jotham


Singida
30 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na ukaguzi jikoni, halafu nikaumwa malaria, halafu siku zikapita tu.

Nimeogopa sana kusoma habari ya Ijumaa Kuu. Vidonge unavyopewa vimeze kila siku, Baba. Usivimeze siku unayojisikia vibaya na kuviacha siku unayojisikia vizuri. Presha haina maumivu, mtu anajiona mzima na kumbe si mzima. Naomba uniahidi hilo hata kama mengine yote utayapuuza. Na kwa Mama Mwantum nenda, kaa kwenye benchi, kunywa chai ya rangi, ongea nao, ila mkono wako usifike kwenye karai.

Kuhusu kumpigia, sijapata nafasi. Zamu zangu ni ngumu. Mpe salamu kupitia kwa mtu yeyote. Huku mavuno ya alizeti yameisha na mafuta ni rahisi, lakini mwaka huu sitatuma dumu kama miaka mingine, unaelewa sababu.

Je, amewahi kusema lolote kuhusu mimi?

Binti yako,
Lilian


Masoko
23 Juni 2024

Lilian,

Baridi imeanza na ukungu hautoki mpaka saa nne. Kahawa inaendelea kuiva, tumevuna mara mbili. Vidonge nameza.

Umeniuliza kama mkwe amewahi kusema lolote kuhusu wewe. Swali hilo nimelala nalo wiki nzima. Mtu anayejua kwamba mimi na yeye hatusemezani, kwa nini aniulize amesema nini? Nikaona hapa kuna kitu kimefunikwa. Nikaenda kwa Esnath, mke wa Nsajigwa, kwa sababu wakati wa msiba yeye ndiye alikuwa msimamizi wa jikoni. Nikampa sikio la kushoto na nikamwambia sitaondoka mpaka aseme.

Amesema. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba na wanaume, sikusikia. Wewe ulisimama jikoni katikati ya wanawake, ukaonyesha karai lililokuwa ukutani, ukamwambia Tupokigwe, mumewe akiwa bado hajazikwa: "Kaka yangu umemwua wewe, kwa mafuta yako." Esnath anasema mkwe wangu aliendelea kumenya ndizi.

Ni kweli ulisema hivyo?

Maana Esnath ameniambia na jambo la pili, na hili linanihusu mimi. Tangu Hosea alipogunduliwa kuwa na presha, miaka miwili kabla hajafa, mkwe alikuwa anapika sufuria mbili. Moja ya mafuta na viungo, ni ya kwangu, kwa sababu baba mkwe hapewi chakula kikavu. Ya pili ya kuchemsha, bila chumvi, ni ya mumewe. Kila siku, sufuria mbili, kuni mara mbili. Mimi sikulijua hilo.

Nilichokijua ni kwamba Hosea ndiye aliyekuwa ananiletea sahani. Tangu mama yako afe hakuwa anaiweka mezani na kuondoka. Alikuwa anakaa, ananawa, tunakula pamoja. Nikawa namsogezea vipande vilivyoiva vizuri. Nikawa nawaambia watu, mwanangu ananipenda, hataki nile peke yangu. Nadhani alinipenda kweli. Lakini sasa najua pia alikuwa anafuata yale mafuta, na mimi nilikuwa namlisha kwa mkono wangu, siku baada ya siku, na mkewe huku nyuma anamchemshia cha kwake.

Kwa hiyo huyu mama hajanichoka. Anapika namna ile kwa sababu anaogopa kuniua na mimi. Na wewe ulijua tangu barua yangu ya kwanza, ukanifundisha habari za mvuke.

Abrahamu atakuja Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Niandikie ukweli.

Baba yako


Singida
9 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Hii naituma kwa basi ili iwahi. Namba ya mzigo naituma kwenye simu yako, natumaini utaiona.

Ni kweli. Nilisema maneno hayo, kama Esnath alivyoyasema, na niliyasema kwa sauti ili wasikie.

Naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo ambalo Esnath halijui, wala wifi halijui. Mwezi wa nane, miezi mitatu kabla hajafa, Hosea alinipigia simu. Alisema vidonge vya presha ameviacha. Vinamchosha, na anajisikia mzima, kwa nini aendelee kumeza? Alisema kila asubuhi anakiweka kimoja mdomoni mbele ya wifi, kisha anakwenda kukitema migombani. Alikuwa anacheka. Akaniomba nisimwambie wifi, kwa sababu atalia. Na mimi ninayefanya kazi hospitali, ninayewaona kila siku wanavyoletwa wamepooza, nikacheka naye. Nikamwambia, basi punguza chumvi. Sikumwambia mtu. Nilisema nitakuja Krismasi nimkalishe chini tuongee.

Nilipofika msibani nikaliona lile karai ukutani. Baba, nilihitaji liwe ni karai. Kama si karai, ni mimi. Ile kozi yangu ya lishe ilikuwa ya wiki sita. Nilifundishwa kuchemsha na kukaanga, na nilifundishwa pia kwamba mafuta kidogo hayaui mtu, mboga yenyewe inayahitaji ili mwili uipokee vizuri. Hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale. Na mafuta yenyewe si ya wifi. Ni mimi niliyetuma dumu kila mwaka kutoka huku, na yeye kila mara alinishukuru.

Nawe usijihesabie ile sahani. Ile sahani peke yake isingemwangusha mtu anayemeza dawa.

Kumwandikia nimejaribu mara tatu nikachana karatasi. Kumpigia nimejaribu, akaitika, nikasikia sauti yake ikisema "Haloo, nani mwenzangu?", nikakata. Amefuta namba yangu, ndicho nilichokielewa. Naona aibu ambayo sijui pa kuiweka. Nakuomba umsomee barua hii. Najua nakuomba nini. Najua hamjasemezana tangu siku alipoletwa. Lakini asiondoke hapo nyumbani na neno langu.

Lilian


Masoko
11 Agosti 2024

Mwanangu Lilian,

Salamu. Kahawa imeuzwa. Mafundi watakuja Jumatano kujengea kaburi.

Barua yako ilifika Tukuyu upesi, ila ilikaa wiki tatu kwenye ofisi ya basi, kwa sababu ujumbe wa namba ulifika kwenye simu yangu na mimi simu nimeiacha kabatini tangu Krismasi. Kosa ni langu. Nilipoikumbuka ilikuwa Ijumaa ya tarehe mbili, na Abrahamu alikuwa anakuja kesho yake. Nilikwenda mjini kwa bodaboda nikaisomea palepale stendi, nimesimama. Kisha nikarudi.

Ilikuwa saa sita na nusu, moshi unatoka jikoni kwake. Nilikwenda moja kwa moja nikasimama mlangoni. Aliponiona alijifunika kitenge usoni na kugeukia ukuta, na angekuwa na mlango wa pili angepita. Nilimwambia, "Mwanangu, usikimbie. Ni mimi ndiye nimekuja." Niligeuka nikakaa kizingitini, mgongo wangu kwake na mgongo wake kwangu, na nikaisoma barua yako yote, tangu Shikamoo mpaka jina lako.

Nilipomaliza sikusikia kitu, na sikujua kama hajasema au mimi ndiye sijasikia. Hiyo ndiyo adhabu ya masikio yangu. Nilikaa. Baadaye nikaona kivuli chake sakafuni, amesogea upande wangu wa kushoto. Aliniomba nirudie pale penye vidonge. Nilirudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu nilimpa karatasi asome mwenyewe.

Kisha nikamwambia na la kwangu, la sahani ya mchana, kwamba Hosea alikuwa anakula na mimi. Hilo lilikuwa gumu kuliko barua yako. Sikukuachia wewe ulipe peke yako.

Ndipo akasema. Nakuandikia alivyosema, bila kuongeza. Alisema, akiniita baba kwa lugha yetu: "Tata, mimi nilimwamini wifi. Yeye amesoma. Nilidhani siku moja nilichanganya sufuria."

Miezi tisa, Lilian. Ameniambia kwamba kila usiku alikuwa anarudi nyuma siku kwa siku akitafuta ni siku ipi alizichanganya. Jumanne ile ya mvua, au Jumapili ya ubatizo alipopika kwa haraka. Na kila mchana alikuwa ananichemshia ndizi zangu, anaonja kijiko kimoja, anangoja kidogo aone kama kuna ubaya, ndipo anazileta. Kumbe zilikuwa zinapoa mikononi mwake, kabla hazijafika mezani.

Nilimwomba abaki. Nilisema mambo ya kutazama upande yameisha leo, tutakula meza moja, apike anavyotaka au asipike kabisa, nitapika mimi. Nilimsihi, na unajua mimi si mtu wa kusihi. Alisikiliza kwa adabu. Alisema hana kinyongo na mimi. Akasema, "Nimechoka kupika huku naogopa."

Mchana ule tulikula pamoja, yeye upande mmoja wa baraza na mimi upande wa pili. Kwa mara ya kwanza nilimwona uso. Ana kovu dogo kwenye kidevu ambalo sikulijua. Alikuwa mkwe wangu miaka kumi na mitano. Jumamosi Abrahamu alikuja, tukapakia kitanda, mikeka, kuku sita na sufuria zake. Nilimshika mkono kumuaga. Nilitamani mama yako angekuwepo, yeye angejua la kumwambia.

Sasa napika mwenyewe. Jana nimechemsha majani ya maboga kwa maji kidogo, nikafunika, dakika chache, nikanywa maji yake, kila kitu kama ulivyoagiza. Nimekula saa saba, nikiwa nimeutazama mlango. Presha imeshuka, Makandana wamefurahi. Wewe unakula umesimama kwenye beseni huko Singida, mkwe anakula kwa kaka yake ambako watoto wa watu wanamwita shangazi, na mimi niko hapa. Sijui ni nani kati yetu aliye mpweke zaidi, na sioni faida ya kushindana.

Aliponiaga nilimwuliza nikuambie nini. Hakusema amekusamehe, wala hakusema hajakusamehe. Alisema barua ile aliyosomewa haikuwa yake, ilikuwa yangu, kwa sababu imeanza na "Baba" na imeishia kwa Baba. Nimeirudia, na ni kweli. Kurasa zote zile hukumwandikia yeye hata mstari mmoja.

Mimi nimekusamehe, wewe ni mwanangu, nitafanyaje. Lakini hilo halimfikii yeye, na siwezi tena kukaa katikati yenu. Barua inayofuata usinitumie mimi. Iandike hivi: Tupokigwe, kwa kaka yake Abrahamu, Kanisa la Moraviani Ipinda, Kyela. Iwe ya mkono wako, usiichane, na ianze kwa jina lake.

Baba yako,
Jotham